Mwaka Tuliokataa Kupakua

Chelagat alinitumia picha mwezi uliopita, bila salamu, kama ilivyo kawaida yake. Ilikuwa picha ya tingatinga limeegemea ukuta wa mbao, na chini yake maneno machache: ploti ya Mama Kiprop inabomolewa, wanajenga hosteli ya ghorofa. Nilikuwa kazini Mwanza, kikaoni, na mwenyekiti alikuwa anasoma taarifa ndefu kuhusu matairi. Nilitoka nje nikampigia. Yeye akamuunganisha Wanjiru, na tukaanza kupigiana kelele watatu kwenye simu mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia msiba upo, ni wa nyumba, akaniangalia kwa huruma akaondoka. Watu wakisikia kwamba nilisoma Eldoret mwaka 2008 hukunja uso kabla sijaendelea, wananishika bega, wananipa pole. Ninawaelewa, na pole yao naipokea. Lakini mimi nikiukumbuka mwaka ule, kinachotangulia ni kicheko, na huwa naona haya kidogo kulisema hilo mbele za watu.

Chumba chetu kilikuwa katika ploti hiyo, safu ya vyumba vya kupanga huko Kesses, karibu na chuo, cha tatu kutoka bombani. Sakafu ilikuwa ya saruji, baridi kiasi kwamba hata Chelagat, mzaliwa wa Kaptagat ambako ukungu hauondoki msituni hadi watu wawe wamekwisha kunywa chai, alivaa soksi mbili. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa matofali. Upande wa pili ulikuwa mbao tupu, na majirani tuliwasikia wakigeuka kitandani. Tulikuwa na vitanda viwili vya kusukumwa pamoja, stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa na kiburi, na dirisha lililotazama mahindi ya Mama Kiprop, mama mwenye nyumba. Miaka miwili tuliishi humo mimi, Chelagat na Wanjiru, tukila katika sinia moja na kugombana kuhusu mambo ya maana, kama nani alimaliza sukari.

Halafu ikaja Desemba ile, na uchaguzi, na yaliyofuata kati ya watu wa kabila la Chelagat na wa kabila la Wanjiru. Mimi nilikuwa nyumbani Tanzania kwa likizo ya Krismasi na niliyaona kwenye televisheni, barabara ninazozijua zikiwaka. Chuo kilichelewa kufunguliwa. Niliporudi, wakubwa wa siasa walikuwa wamekwisha kupeana mikono, lakini pembeni mwa barabara bado kulikuwa na maduka yasiyo na paa, na lami ilikuwa na mabaka meusi ya matairi. Wanjiru alikuwa amenitangulia chumbani. Duka la wazazi wake mjini lilikuwa limeporwa lote, hadi mizani, na mama yake alikuwa amelala kwenye hema kwa wiki kadhaa. Chelagat aliingia siku iliyofuata na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda yenye mkaa ndani. Kaka zake walikuwa wapi wakati barabara zimefungwa, hakusema, na Wanjiru hakuuliza. Walikumbatiana mlangoni vizuri tu. Kila mmoja alikuwa mpole mno, na mimi niliyewajua nilitamani sana wagombane kuhusu sukari.

Jioni ile nilisonga ugali mimi, na sukumawiki nikaikaanga. Nilipogeuka nikakuta Wanjiru amepanga sahani tatu. Sinia lilikuwa limebaki limeegemea ukuta. Sufuria ikawekwa katikati, na mwiko ndani yake, na hakuna aliyeugusa.

"Pakua basi," Chelagat alisema.

"Aki pakua tu wewe. Mimi siko na njaa sana," Wanjiru akajibu.

"Hata mimi."

Mvuke ukapanda, ukapungua. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na njaa kwangu ni jamaa wa karibu wa hasira. Nikawaambia, "Nyinyi endeleeni kuheshimiana, mimi nakula," nikashika mwiko. Hapo ndipo nikayaona macho yao. Wote wawili walikuwa wanautazama mwiko. Hawakuwa wanautazama kwa uroho, maana Chelagat alikuwa anakula kama kuku na Wanjiru alikuwa hana hamu. Walikuwa wanaangalia kama itakuwa sawa. Nilikata kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia hata kwenye mtihani, huku pande hili, kule pande hili, na mboga vivyo hivyo, na nilipomaliza wote wawili wakashusha pumzi. Kuanzia jioni ile kazi ya kupakua ikawa yangu, na haikujadiliwa.

Nilidhani ni mambo ya chumba chetu tu. Kumbe ploti nzima ilikuwa hivyo, na chuo kizima, na nadhani hata mji. Watu walikuwa wamechoka kuogopana na walitaka kurudi kuishi, ila hawakujua nani aanze, na kila jambo dogo lililohitaji mtu mmoja kugawa, kuhesabu au kuamua lilikwama. Ndipo wakatugundua sisi wageni. Mama Kiprop alinikabidhi ufunguo wa bomba, kwa sababu foleni ya maji ilikuwa imeleta maneno. Rafiki yangu Mugisha, Mganda mrefu aliyejua mpira kwa kuutazama tu, akavishwa filimbi na kuwa refa wa mechi zote za hosteli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na hiyo ikahesabiwa kuwa faida. Mrundi mmoja aliyekuwa hapendi hata kusalimia watu alifanywa mtunza hazina wa kikundi cha kuweka akiba. Jioni moja nikiwa nimelala nilisikia majirani wakipanga sherehe nyuma ya mbao.

"Na nani atagawa?"

"Si TZ yuko."

"TZ ako sawa. Huyo hana mtu."

TZ nilikuwa mimi. Jina langu Anastazia lilikuwa refu mno kwa Wakenya. Nilijigeuza kitandani nikaitafakari ile sifa. Hana mtu. Kwetu ukimwambia binadamu hivyo umemtukana, umemwambia akifa hatazikwa. Pale ilikuwa cheti. Nilisikia fahari, na chini yake nikasikia upweke, vyote kwa pamoja, kisha nikasinzia.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kijana wa chumba cha mwisho aliyepata kazi benki, akanunua mbuzi. Sijawahi kufundishwa kugawa nyama ya mbuzi, na huko huwa si kazi ya mwanamke hata kidogo, lakini nilipewa kisu kwa heshima zote. Nikagawa kama ninavyogawa keki. Kidari, kipande kilichonona vizuri, nikampa msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amepita kuazima chumvi. Kumbe kidari kina wenyewe, na kila upande ulikuwa na mzee wake aliyekuwa amekwisha kukikazia macho. Msichana akakitazama kile kipande, akawatazama wazee, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nirudishe ama nikule?" Mzee mmoja akaanza kucheka, wa upande wa pili akadakia, na ploti nzima ikavunjika mbavu. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa sikuwa na upande wa kuupendelea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi kuwasikia wakicheka pamoja, na nilijiona mtu wa maana sana.

Katikati ya fahari hiyo ndipo tangazo likabandikwa. Hadi siku ile, sisi tuliotoka nchi jirani tulilipa ada sawa na Wakenya waliojisomesha wenyewe. Ndivyo tulivyopokelewa na ndivyo nyumbani walivyojipanga. Sasa karatasi ilisema kwamba kuanzia muhula ujao, kila mwanafunzi asiye raia, mpya na wa zamani, atalipa karibu mara mbili. Nililisoma nikadhani ni kwa ajili ya watu wengine. Nikalisoma tena. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja, na nyumbani walikuwa wamekwisha kuuza kila kinachouzika kwa ajili ya ada ile ya kwanza. Kwa ada mpya ningefunga mizigo nirudi Mwanza na robo tatu ya shahada, kitu ambacho hakuna mwajiri anayekihitaji. Pale pale mbele ya ubao Mugisha, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema maneno ya kwao ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Tulichaguana mimi na yeye tukaenda kumwona Bwana Tanui, afisa wa fedha. Ofisi yake ilikuwa na joto, chupa ya chai, na kiti kimoja cha wageni ambacho Mugisha aliniachia. Nikamwamkia shikamoo, akashtuka kidogo kama watu wa Kenya bara wanavyoshtuka, akatafuta jibu, akalipata. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, hadithi ingekuwa rahisi, lakini alitumiminia chai.

"Mimi naelewa nyinyi kabisa," alisema. "Lakini chuo imeumia. Watu walikimbia, pesa haingii. Sasa nikigusa fees ya hawa wetu, watachoma hapa kesho. Nyinyi ni watu ya amani. Mtaongea na watu yenu huko nyumbani, mtaelewana."

"Kwa hiyo tunaongezewa kwa sababu hatuchomi, Mzee?"

"Sijasema hivyo, msichana." Akanywa chai. "Unajua wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe tumelishika tangu turudi, Mzee. Hata mikono imechoka."

Akacheka, akidhani namtania. Tulitoka pale na vikombe viwili vya chai tumboni na bila chochote kingine.

Kwa wanafunzi wa Kenya dawa ilikuwa moja. Kiongozi wao alikuja chumbani kwetu jioni, mwenye sauti ya mkutano hata akiomba maji ya kunywa, akaniambia, "Comrade TZ, sema neno moja tu. Kesho barabara imefungwa, mawe iko, matairi iko. Hiyo fees itashuka yenyewe." Alikuwa anasema kwa upendo wa kweli. Lakini aliposema barabara imefungwa, Wanjiru aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye mahindi ya Mama Kiprop na mgongo wake kwetu, na Chelagat akawa anaitazama sakafu. Nikamwambia kijana yule ahsante, lakini hapana. Kama ada yangu ilihitaji jiwe, potelea mbali, ningerudi Mwanza.

Siku zilizofuata nilikuwa mbogo. Nilifungua bomba kwa kununa, nilipokea shikamoo za utani kwa kununa. Jioni moja Chelagat alipika githeri, ambayo kwetu ni makande, akaitua sufuria, na wote wawili wakanigeukia kama kawaida. Mwiko ulikuwa unanitazama. Nikasema, "Leo sipakui."

"Kwani uko mgonjwa?"

"Sina ugonjwa. Mimi ni mgeni. Kama natozwa ada ya mgeni, nitakaa kama mgeni. Mgeni hapakui, mgeni hupakuliwa." Nikavuta mto, nikaegemea ukuta, nikanyoosha miguu.

Nilisema kwa hasira na nusu utani, na nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Walitazamana juu ya ile sufuria, na mara nikaogopa, maana nikaona kwamba mchezo wangu umewaacha peke yao. Jirani upande wa pili wa mbao alikuwa anaosha miguu, tukamsikia mpaka akamaliza. Kisha Chelagat akashika mwiko na kumpakulia Wanjiru. Akamjazia, akaongeza, akaongeza tena, mpaka githeri ikawa inamwagika.

"Wee! Hiyo ni ya ng'ombe!" Wanjiru akasema.

"Kula."

"Chelagat, mimi siwezi maliza hii."

"Si ukule tu, Wanjiru. Tafadhali."

Wanjiru akamnyang'anya mwiko, akamrudishia nusu. Chelagat akakataa, akarudisha. Punje za mahindi zikaruka mpaka kitandani, wakaanza kusukumana, wakaanza kucheka, kisha wakawa wanalia, na mimi niliyekuwa nimegoma nikawa nalia pia huku sijapata hata kijiko. Waliponikumbuka githeri ilikuwa imepoa. Wanjiru alinipelekea sahani kwa mikono miwili na kupiga goti, akisema, "Karibu chakula, mgeni wetu wa kimataifa," na tukacheka upya.

Nilipomsimulia Mugisha, hakucheka. Alifikiri, akasema, "Hiyo ni nzuri sana. Sisi sote tunakaa." Ndivyo mgomo wetu ulivyozaliwa, na sijawahi kuona mgomo uliokuwa na adabu kuliko ule. Hatukuandamana. Tulikaa. Ufunguo wa bomba nilimrudishia Mama Kiprop kwa mikono miwili, nikamshukuru kwa heshima aliyonipa. Jumamosi timu mbili ziliingia uwanjani, zikamkuta Mugisha amevaa suti, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasubiri kukaribishwa soda. Mechi haikuchezwa, walibishana nani apige filimbi mpaka giza likaingia. Mrundi alirudisha sanduku la akiba likiwa na kila senti, akasema yeye ni mgeni na wageni hawashiki fedha za mwenyeji, na nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema Kenya. Tukiulizwa tulijibu wote jibu moja: tumetozwa kama wageni, tumekaa kama wageni, karibuni mtukaribishe.

Watu walicheka, halafu wakakasirika, halafu wakaanza kuliongelea lile tangazo, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwahusu. Lakini usiku nilikuwa nalala vibaya. Foleni ya maji ilikuwa imerudia maneno yake, na siku moja nilisikia ndoo ikitupwa na mtu akitukanwa kwa kabila lake. Je, kama watu wataumizana kwa ajili ya ada yangu? Hata leo, nikiwa mtu mzima ninayeongoza ofisi, swali hilo sina uhakika nalo. Tulicheza na moto ambao hatukuuwasha sisi, na kama ungewaka, wasingeungua wageni. Nilimwambia Wanjiru ninaogopa, kwamba afadhali nichukue ufunguo. Akanijibu huku anasuka nywele, "Wacha wajifunze. Wewe utakaa hapa kutufungulia maji mpaka lini?"

Wiki ileile Bwana Tanui alikuja mwenyewe ploti. Chuo kilikuwa kinaandaa siku ya amani pamoja na wanakijiji, mbuzi wamekwisha kununuliwa, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya chakula. Alikaa kwenye kiti chetu pekee, magoti karibu na kidevu, akapewa chai na mursik, na nyuma ya mbao majirani wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Nimesikia wewe ndiye unajua kugawa," alisema. "Hapa kwa kamati tumeshindana. Huyu akisema fulani agawe, yule anakataa. Nikasema niite yule msichana wa Tanzania. Hata wazee wa kijiji walikutaja."

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nilipenda kutajwa na wazee. "Nitakuja, Mzee," nikamwambia. "Nitakuja nimevaa vizuri, nitakaa na wageni wenzangu, mtupakulie."

Akaniangalia, sasa akiwa ameelewa lile jembe. "Hii ni mambo ya fees."

"Ni mambo ya ugeni, Mzee."

"Unajua hii siku ikiharibika itakuwa aibu kwetu sisi wote?"

"Najua. Naogopa kuliko wewe. Lakini muhula ujao sitakuwepo, na mtagawa wenyewe. Basi anzeni nikiwepo." Hilo sikuwa nimelipanga, lilitoka tu. Alimaliza chai yake, akamshukuru Chelagat kwa mursik, akaondoka bila kuniaga. Nyuma ya mbao mtu akasema taratibu, "Wololo, TZ."

Siku ya amani tulikaa mstari wa mbele, wageni wote, tumepiga pasi mpaka mikunjo ikaomba msamaha. Hotuba zilikuwa nyingi. Wanakijiji walikaa kwa makundi yao, na wafanyakazi wa chuo kwa makundi yao, na katikati kulikuwa na meza ndefu ya nyama iliyoiva, na kisu. Hotuba ya mwisho ikaisha, mchungaji akaomba, watu wakasema amina, na hakuna aliyenyanyuka. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa msitu. Bwana Tanui alisimama karibu na meza, akaangalia huku, akaangalia kule. Nilijua kwamba akishika kisu yeye, nusu ya uwanja itahesabu vipande. Mikono yangu iliwasha. Mugisha akanikanyaga mguu ili nisinyanyuke.

Chelagat ndiye aliyesimama. Alitembea hadi mezani mbele ya watu wote, shingo imenyooka kama anaenda kupigwa, akachukua kisu. Kisha akageuka akaita kwa sauti ambayo Kaptagat yote ingeisikia, "Wanjiru! Kuja unishikie sahani!" Na Wanjiru, ambaye wiki chache nyuma alikuwa hawezi kuvuka soko peke yake, akaenda. Mmoja alikata, mwingine alibeba. Walianza na wazee, wa upande huu mmoja, wa upande ule mmoja, na kidari wakakigawa vipande vidogo sana ili kila mzee apate cha kulalamikia. Pale mezani walikuwa wanabishana kwa sauti. "Hiyo ni ndogo!" "Ndogo nini, huoni mfupa?" "Ongeza!" Walikuwa wanagombana, jamani, wanagombana kabisa kama zamani, na uwanja mzima ulikuwa unawasikiliza na kuanza kutabasamu. Wengine wakainuka kusaidia kubeba. Nililia pale mstari wa mbele na suti ya Mugisha ikaharibika begani.

Bwana Tanui alikuja na sahani yake, akavuta kiti, akakaa kati yetu. Alikula kidogo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Umebakiza muda gani?"

"Mwaka mmoja, Mzee. Nyumbani hawana tena cha kuuza."

"Mimi siahidi kitu. Kamati iko na watu wengi."

"Najua."

"Lakini nitasema kile nimeona." Akafuta vidole. "Kweli mlikuwa mmechoka mikono."

Mvua ikatufukuza baada ya hapo. Wiki kadhaa zikapita bila neno, na nilikuwa nimekwisha kuanza kugawa vitu vyangu, koti kwa huyu, vitabu kwa yule, Mugisha alipokuja mbio akanishika mkono hadi kwenye ubao. Tangazo jipya lilikuwa fupi. Ada mpya ingewahusu watakaojiunga kuanzia sasa. Sisi tuliokuwapo tungemaliza kwa ada ileile tuliyokuja nayo, sawa na wenzetu wa Kenya. Haukuwa ushindi kamili. Mdogo wake Mugisha, aliyetaka kutufuata, hakuja kamwe, na Mugisha alilisema hilo palepale kabla hata ya kufurahi. Kisha tulifurahi. Alininyanyua juu mbele ya wahadhiri, na viatu vyangu vikadondoka.

Nilikimbia hadi ploti bila kuvifunga sawasawa. Nilisukuma mlango nikiwa napiga kelele kwamba nabaki, nabaki, ada ni sawa na yenu, senti kwa senti. Chelagat na Wanjiru walikuwa wamekaa sakafuni, sinia katikati yao, na walikuwa wamekwisha kula bila kunisubiri, jambo ambalo halikuwahi kutokea mwaka ule mzima. Waliruka wakanikumbatia, mikono yao ikiwa bado na mafuta, tukazunguka chumba chote tukigonga vitanda. Jirani akapiga ubao kuuliza kuna nini, akajibiwa, akapiga vigelegele. Tulipoishiwa pumzi Wanjiru aliniachia, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kwa makini ya hakimu:

"Sawa na sisi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi ugeni imeisha. Vyombo ndio hizo, na maji ni ya kuteka."

Nikakunja mikono ya blauzi. Foleni bombani ilikuwa ndefu, na hakuna aliyenipisha.